Jua kali: jina la mahali lililogeuzwa aibu ya fundi

Mtu akikuambia Nairobi kwamba jirani yake ni daktari wa jua kali, usiulize zahanati iko mtaa gani. Ameshakueleza kwamba huyo si daktari. Yuko pia wakili wa jua kali, mhandisi wa jua kali, na mchungaji wa jua kali aliyejitawaza mwenyewe akakodi hema. Harusi huweza kuwa ya jua kali. Utafiti pia. Umeme uliounganishwa usiku kwa waya wa kuazima, huo ndio wenyewe. Maneno mawili yamekuwa kivumishi cha kila kitu kilichopita nje ya njia iliyozoeleka: kisichosomewa, kisichosajiliwa, kisichofuata vipimo, kilichoundwaundwa mpaka kikakubali.

Ni kivumishi cha ajabu kwa sababu hakisemi lolote kuhusu ubora. Kinazungumzia hali ya hewa.

Asili yake haina fumbo. Katika miaka iliyofuata uhuru, mafundi wa bati na wa magari walifanya kazi kwenye viwanja vya wazi: Kamukunji pembeni mwa soko la Gikomba, Shauri Moyo, na Grogan, barabara ambayo leo rasmi ni Kirinyaga lakini wenye magari mabovu bado wanaiita Grogan. Hapakuwa na paa. Karakana ilikuwa ni pale ulipoweka fuawe yako, na jua lilikuwa la wote. Jina likabaki hapo, halafu likahama kutoka kiwanjani hadi kwa watu, kutoka kwa watu hadi kwa bidhaa, na kutoka kwa bidhaa hadi kwa tabia.

Mtu wa Mombasa au Garissa ana haki ya kucheka kidogo. Nairobi na jua kali wapi na wapi? Mwezi wa Julai mafundi wa Kamukunji hugonga bati wakiwa na makoti mawili. Mtu wa Garissa akicheka, anatusaidia kuona jambo: jina hili halikuhusu joto tangu mwanzo. Lilihusu kukosa paa. Na paa haliezekwi na jua. Linaezekwa na mtu mwenye kiwanja, hati na uhakika kwamba kesho hatakuta tingatinga mlangoni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolitumia jina hili kama tusi. Tazama walikotoka hao mafundi. Wengi wa mwanzo walijifunza katika karakana za Wahindi, wakianza kwa kushika spana na kufagia, wakiiba kwa macho, hadi wakajua kukata, kukunja na kuchomelea. Walipotoka kwenda kujitegemea walikuwa na ujuzi. Walichokosa ni mtaji wa kukodi nyumba ya kufanyia kazi, na katika mji uliopangwa na wakoloni ili Mwafrika awe mpita njia, walikosa pia haki ya kupewa kiwanja. Kwa hiyo jina “jua kali” lilipozaliwa lilieleza upungufu wa mji. Miaka hamsini baadaye tunalitumia kueleza upungufu wa fundi.

Wazee wetu walikuwa na methali: mchumia juani hulia kivulini. Ndani yake mna ahadi kwamba jua lina mwisho, kwamba anayetoka jasho leo ana kivuli kinachomngoja. Jina la jua kali lina jua lakini halina kivuli. Fundi wa Kamukunji anachumia juani na kula juani, sufuria ya githeri ikiwa kando ya rundo la chuma chakavu, na mwanawe akija kumsaidia likizo analikuta jua lilelile.

Mambo ya kazi yenyewe yanastahili kuelezwa, maana wengi wanaodharau bidhaa hizi hawajawahi kusimama pale. Pipa la mafuta linakuja tupu. Linatobolewa, linapasuliwa kwa tindo na nyundo, linakunjuliwa na kupigwa mpaka linyooke kuwa bamba. Hakuna mashine. Kutokana na bamba hilo hupatikana karai, jiko, beleshi, sinia la kukaangia, chombo cha kunyweshea kuku. Bati jipya hukatwa kuwa masanduku, yale ya rangi yanayopangwa barabarani kila wanafunzi wapya wanapokaribia kwenda bweni. Nchi hii ina majaji na maprofesa waliofungia shuka zao na sabuni ndani ya sanduku la Kamukunji, na kufuli haikuwasaliti. Kelele ya mahali hapo huwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia. Nyundo mamia kwa wakati mmoja, kutwa nzima, na karibu hakuna anayeziba masikio.

Wakati wenyeji wakiita jua kali, wataalamu walikuwa wakitafuta jina lao. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia Keith Hart, aliyekuwa ameishi na wahamiaji katika mtaa wa Nima jijini Accra, alizungumza katika mkutano wa Chuo Kikuu cha Sussex kuhusu watu ambao takwimu ziliwaita wasio na kazi ilhali hawakuwa na nafasi hata ya kukaa. Mwaka uliofuata, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya, na ni ripoti hiyo iliyosambaza duniani kile ambacho kwa Kiswahili tunakiita sekta isiyo rasmi. Kwa hiyo Nairobi ndiyo iliyoupa ulimwengu mfano wa kwanza mkubwa wa dhana hiyo. Ripoti hiyo haikuwadharau mafundi. Ilisema kazi zao zina faida, zinatumia malighafi ya nchini na nguvu za watu wengi, na kwamba kinachowarudisha nyuma ni masharti ya leseni na bomoabomoa za mara kwa mara.

Hata hivyo linganisha majina. “Isiyo rasmi” inamtambulisha mtu kwa kile asicho nacho machoni pa serikali. Ni jina la mtu aliye dirishani akitazama nje. “Jua kali” ni jina la aliye nje. Lilitoka mdomoni mwa watu waliolisikia lile jua kwenye ngozi, na kwa muda mrefu lilikuwa na majivuno fulani ndani yake, kama vile baharia anavyotaja bahari iliyochafuka. Nadhani ndiyo maana lilidumu na kuwashinda wataalamu nyumbani kwao wenyewe.

Ushindi wenyewe ulikuja mwaka 1985. Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi walivyochomwa na jua, akaahidi kuwajengea mabanda. Mabanda yakajengwa, yakaitwa ya Nyayo, kaulimbiu ya utawala wake, kama kila kitu kilivyoitwa wakati ule. Mwaka huohuo ulianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliowaambia watoto wa shule za msingi wajifunze useremala, ushonaji na ufundi ili wakimaliza wajiajiri. Mwaka 1988 iliundwa wizara ya mafunzo ya ufundi na teknolojia, na wajuakali wakapata mlango wa kubisha serikalini. Kisha mwaka 1992 ikatoka hati ya sera ya serikali kuhusu biashara ndogo ambayo jina lake lenyewe lilibeba maneno “Jua Kali”. Si mara nyingi hati ya serikali iliyoandikwa kwa Kiingereza hukubali msamiati wa mtaani ukae kwenye jalada.

Lakini serikali ililisoma jina herufi kwa herufi. Ikaelewa kwamba tatizo ni jua, na dawa ya jua ni mabati. Katika miji kadhaa mabanda yaliwekwa mbali na barabara wanakopita wateja, yakabaki ya kuanikia nguo na kulala mbuzi. Kamukunji yalijaa mara moja, na waliokosa nafasi wakaendelea kugonga nje, ambako isitoshe mnunuzi anakuona. Muhimu zaidi, fundi aliyepewa banda alibaki na barua ya ugawaji au ahadi tu. Hakupata hati miliki. Bila hati benki haikukopeshi, na bila mkopo hununui mashine ya kukunja bati, kwa hiyo unaendelea kunyoosha pipa kwa nyundo kama alivyofanya aliyekufunza. Kukawa na paa juu ya umaskini uleule.

Ukitaka kujua ardhi ya watu hawa ina uzito gani, fuatilia mioto ya Gikomba. Soko limeungua mara nyingi kiasi kwamba Wanairobi hawashtuki tena, isipokuwa idadi ya waliokufa inapokuwa kubwa, kama Juni 2018 watu 15 walipopoteza maisha. Kila moto ukizimwa, wafanyabiashara hunong’ona habari ileile: nani anataka kiwanja? Siwezi kuthibitisha minong’ono. Ninachojua ni kwamba mwenye hati miliki hana haja ya kunong’ona.

Miaka ya tisini ndiyo iliyoharibu maana. Masharti ya wafadhili yalipunguza watumishi wa umma, viwanda vilivyokuwa vimelindwa vikafungwa mbele ya mitumba na bidhaa za nje, na watu waliokuwa na vitambulisho vya kazi shingoni wakajikuta wakifungua kibanda, saluni, duka la kuchapa barua. Wote wakaingizwa ndani ya jua kali, wakiwemo wanaofanya kazi chini ya taa za umeme. Jina likapoteza mahali pake. Likawa mkoba wa kutiliwa kila kisicho na mshahara wa mwisho wa mwezi, na mkoba ukijaa hivyo, huanza kutiwa na takataka pia.

Takwimu za serikali ya Kenya zenyewe zinaonyesha kwamba, ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya asilimia 80 ya walio na kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Nchi ya namna hiyo inawezaje kulitumia jina jua kali kwa maana ya kisicho cha kawaida? Cha kawaida ni hicho. Anayestahili kuitwa kioja ni yule mwenye pensheni.

Kosa kubwa katika matumizi ya leo ni kuchanganya jua kali na ughushi. Wanairobi wana jina jingine kwa ughushi, nalo ni River Road, barabara ya jijini inayojulikana kwa vyeti bandia. Cheti cha River Road ni cheti cha uongo: kinajidai kimetoka chuo ambacho hakikukitoa. Karai la Kamukunji halijidai chochote. Halina nembo ya mtu mwingine, halisemi limetoka Ujerumani, na aliyelitengeneza amekaa papo hapo, unaweza kumrudishia mpini ukilegea. Daktari asiye na shahada anayejiita daktari ni mtu wa River Road. Kumwita wa jua kali ni kumkosea fundi mwaminifu kwa kumweka benchi moja na tapeli.

Mfano ninaoupenda ni jiko. Jiko la bati tupu lilikuwa likitengenezwa na mafundi hawa kwa miongo mingi, na lilikula makaa bila huruma. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, bei ya nishati ilipokuwa imewatia watu wasiwasi na misitu ikikatwa, wahandisi walileta wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake. Lilihitaji kubadilishwa ili likubali sufuria zetu na mwiko wetu wa ugali, ambao husukumwa kwa nguvu za mabega mawili. Jiko lisiposimama imara linapinduka. Mafundi wa bati na wafinyanzi wakawekwa kwenye kazi hiyo. Kikatoka kifaa kilichominywa kiunoni, bati nje na udongo ndani, kinachotunza moto na kupunguza sana makaa. Hakuna kiwanda kikubwa kilichokitawala. Aliyeweza kukata bati aliiga, akanunua vyungu vya ndani kwa wafinyanzi, akauza. Likaenea miji yote ya Kenya, likavuka kwenda Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Leo vitabu vya maendeleo vinalisifu kuwa mfano wa teknolojia iliyofaulu Afrika. Mtu anayelisifu jiko hilo asubuhi, jioni akamwambia mwanawe “usilete vitu vya jua kali hapa ndani”, anahitaji kukaa na nafsi yake.

Haya, tusiende mbali mno. Jiko hilohilo lilipoanza kuigwa na kila mtu, vilitoka vyungu vilivyopasuka wiki ya kwanza kwa sababu udongo haukuchanganywa wala kuchomwa vizuri. Yapo mageti yaliyochomelewa kwa nukta mbili ili rangi ifunike yaliyobaki. Zipo nyaya za umeme zilizofungwa na fundi aliyejifunzia nyumbani kwako, kwa gharama yako na kwa hatari ya watoto wako. Kazi ya breki na ya umeme haina utani, na mzazi anayetaka kuona cheti kabla ya kumruhusu fundi aguse waya hana madharau, ana akili. Kwa hiyo lawama ya wateja ina msingi. Inakosea tu anwani. Fundi mbaya wa umeme ni fundi mbaya, sema hivyo. Miaka mingi njia ya fundi kupata cheti ilimtaka aache kazi inayomlisha, alipe ada na afanye mtihani kwa lugha ambayo si ya karakana. Ni miaka ya karibuni tu serikali imeanza mfumo mpana wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana kazini. Wakati huohuo aliyesoma miaka miwili chuoni bila kugusa nyundo anaitwa fundi stadi, na aliyegonga miaka ishirini anaitwa wa jua kali.

Majirani zetu wana majina yao, na yanachekesha na kuuma kwa namna yake. Kampala wanataja Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma na vipuri. Ukisema kitu ni cha Katwe, mtu anaweza kukusikia unasifu werevu au unatahadharisha kuhusu bandia, kutegemea umekunja uso au la. Wakongomani wana kifungu cha 15, kile kifungu cha katiba ambacho watu wanasema kiliwaamuru raia wajitafutie wenyewe. Hicho nakipenda kuliko vyote. Kinaitaja serikali wazi: kinasema sisi tunaishi hivi kwa sababu nyinyi mmetuacha. Katika jua kali mshtakiwa amefichwa nyuma ya jua.

Tanzania kisa chake ni kikali zaidi. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kuwapa watu wote kazi, iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Dar es Salaam wasioweza kuonyesha kwamba wana kazi inayotambulika walikamatwa na kusafirishwa kwenda mashambani, wengi wakarudi mjini kwa basi la kwanza. Wachuuzi na mafundi wadogo walikuwa miongoni mwa walengwa. Lakini sheria hiyohiyo ikazaa leseni ya nguvu kazi, kikaratasi ambacho mchuuzi alikionyesha mgambo ili aachwe. Jina la msako likawa jina la kinga. Mwaka 1999, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikifufuliwa, yalifanyika Arusha maonyesho ya mafundi na wajasiriamali wadogo wa nchi wanachama, na jina lililochaguliwa lilikuwa Jua Kali/Nguvu Kazi. Tangu hapo maonyesho hayo yamekuwa yakizunguka miji ya ukanda huu. Wakenya walileta jina la waliokosa paa, Watanzania wakaleta jina la waliokamatwa na mgambo, na viongozi wakakata utepe chini ya yote mawili. Sina hakika kama kuna aliyetabasamu.

Na sasa Kenya kuna jina jipya, hasla, kutoka Kiingereza hustler, mtu anayehangaika kujitafutia riziki. Liliingia kwenye siasa kwa kishindo katika uchaguzi wa 2022, na tarehe 30 Novemba mwaka huo ukazinduliwa mfuko wa mikopo wenye jina hilo, unaokopesha mtu kwa simu, mwanzoni kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Vijana wanalipenda, lina mwendo. Lakini angalia kilichobadilika. Jua kali lilitaja mahali, na mahali panaweza kurekebishwa: panapimwa, panatolewa hati, panavutwa maji na umeme. Hasla linataja moyo wa mtu, kwamba hachoki, hajitetei, anaamka saa kumi. Mtu wa namna hiyo hadai kiwanja. Anapewa mkopo mdogo na kusifiwa uvumilivu wake. Kwa mwanasiasa hiyo ni nafuu kubwa, maana Moi angalau alijifunga kujenga kitu kinachoonekana, na kila aliyepita Kamukunji aliweza kuhesabu mabanda na kuuliza yaliyobaki yako wapi.

Kwa hiyo ningependa jina la zamani lirudi kazini, kwa maana yake ya zamani. Mbunge akisimama kusema anawapenda watu wa jua kali, aulizwe maswali ya mahali. Kiwanja cha Kamukunji kiko kwa jina la nani leo? Ni mafundi wangapi wana hati, na waliobaki wanangoja ofisi gani? Sheria ya biashara ndogo ya 2012 iliunda mamlaka ya kuwashughulikia; imewapimia maeneo mangapi ambayo kanjo, askari wa jiji, hawezi kuyavunja? Hayo yana majibu kwenye mafaili, na mwenye mafaili analipwa mshahara, ofisini, chini ya paa.